Ndugu wa Mwaloni

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika misitu ya mialoni ya Arizona, nchini Marekani, yupo nondo mdogo wa kijani, Nemoria arizonaria, ambaye maisha yake yaithibitisha kauli hiyo kwa namna ya kustaajabisha.

Viwavi wake waanguliwao majira ya kuchipua hula maua ya mwaloni yaning'iniayo mfano wa shanga. Punde si punde hugeuka manjano, ngozi ikaparuza, wasitofautike na maua hayo. Waanguliwao kiangazi huyakuta maua yamekwisha kupukutika. Hao hula majani, wakawa mfano wa vitawi.

Mnamo mwaka 1989, mtaalamu Erick Greene alichapisha matokeo ya utafiti wake. Aliwalea viwavi ndugu kwa vyakula tofauti. Ilibainika kwamba kilichowatenga si joto wala urefu wa mchana, bali tanini, kemikali yenye ukakasi iliyojaa majanini. Maua yalipotiwa tanini, walaji wake waligeuka vitawi.

Tofauti hii si pambo. Ndege wana macho makali, na kiwavi avaaye vazi la maua ilhali maua hayapo amejianika mwenyewe. Chakula huamua sura, na sura ndiyo ngao.

Hata hivyo, kiwavi hachagui majira ya kuzaliwa, hula alichokikuta. Amchekaye kitawi kwa kukosa urembo wa ua, je, amewahi kuuliza sinia yake ilipakuliwa nini?