Kidonge na Daftari

Lugha yetu huyaita maradhi ya viungo baridi yabisi, yaani ubaridi mkavu. Jina hilo ni zuri, lakini halisemi kweli yote. Nilipopatwa na maradhi hayo katika umri wa miaka 33, sikuwa nimelala penye umande wala kuoga maji ya usiku. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo iliyogeuka adui wa viungo vyangu. Asubuhi vidole havikukunjika, na chaki ilinishinda kushika mbele ya wanafunzi.

Daktari alinipa dawa mbili, methotreksati na haidroksiklorokwini. Nilipomwambia kuwa natamani mtoto, aliniamuru niiache ya kwanza miezi mitatu kabla ya kushika mimba, maana huharibu mimba na huweza kumtia mtoto kilema. Ya pili, ambayo wataalamu huwaruhusu waja wazito kuitumia, alinisihi nisiiache. Lakini mama mkwe aliniasa, "Mwanangu, dawa kali kwako ni sumu kwake." Sikumbishia. Kila mwezi nilipokea vidonge dirishani, na kila mwezi nikavitupa chooni. Kliniki waliandika kuwa naitumia dawa, mimi nikanyamaza.

Nilikuwa na tumaini moja. Mwaka 1938 tabibu wa Marekani, Philip Hench, alieleza kuwa wanawake wengi hupata nafuu ya maradhi haya wakati wa mimba. Mimi sikuwa miongoni mwao. Mwezi wa tano magoti yalivimba hata nikainuliwa kitandani kama mtoto. Ndipo nilipoungama kwa daktari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na daftari letu linasema nini?"

Swali hilo lilinichoma kuliko magoti, kwa kuwa riziki yangu ni kusoma maandishi ya watu na kuyaamini.

Waja wazito ni nadra kutiwa katika majaribio ya dawa. Hofu hiyo ina asili yake: thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani ya Magharibi tangu 1957 hadi 1961, ilileta maelfu ya watoto wenye mikono na miguu pungufu. Lakini asiyejaribiwa hakosi kuugua. Basi ujuzi wa kumfaa hutafutwa katika kumbukumbu za wagonjwa. Norwei ilianzisha daftari la taifa la uzazi mwaka 1967. Denmark na Uswidi zikawa na yao mwaka 1973. Huko wataalamu huliunganisha daftari la uzazi na lile la dawa zilizotolewa, kwa namba ya kila mkazi, wakaona nani alizaa njiti na nani alipata mtoto mwenye kasoro.

Kazi hiyo ina mitego. Atumiaye dawa ni mgonjwa, na maradhi yakiwaka huweza yenyewe kuleta uzazi wa kabla ya siku. Kwa hiyo yafaa alinganishwe na mgonjwa mwenziwe, si na mzima. Mimba iliyotoka mapema haifiki katika daftari la uzazi. Mtego wa tatu ni watu kama mimi: dawa iliyotoka dirishani si lazima iwe dawa iliyomezwa. Kama ningenyamaza hadi mwisho, mtoto mwenye kasoro angeishtaki dawa isiyomfikia, na mtoto mzima angeisifu bure.

Daktari alikata mstari katika kadi yangu, akaandika kweli juu yake. Nikairudia dawa. Mwanangu alizaliwa kwa siku zake, na sasa ana miaka 9.

Simlaumu mama mkwe. Alinena kwa mapenzi. Najilaumu mwenyewe. Nilitaka kujua yaliyowapata wanawake walionitangulia, na papo hapo nikamficha atakayekuja nyuma yangu yaliyonipata mimi. Daftari haliwezi kumhoji mgonjwa. Husema alichokisema yeye, na mwingine huja akameza kidonge kwa neno hilo.