Majina Mawili, Mahali Pamoja



Mu masomo ya ordinateri kuko neno moja ambalo wengi banaliogopa: kielekezi. Mimi nililielewa kwa njia ya mji wetu, ndiyo maana napenda kuwaeleza.

Memwari ya ordinateri ni kama njia ndefu sana yenye nyumba. Kila nyumba iko na nimero yake, na ndani munakaa kitu. Tuseme mu nyumba 1000 munakaa 12. Kielekezi nacho ni nyumba, lakini ndani yake hamuna 12. Mumeandikwa tu 1000, ni kusema: nenda kule.

Nkambo wangu anasema mpaka leo Jadotville. Sisi tunasema Likasi, jina la mji tangu 1966. Je, ni miji miwili? Hapana. Mvua ikibomoa daraja mu Jadotville, limebomoka mu Likasi. Vile vile vielekezi viwili vikishika 1000: mmoja akibadilisha 12 kuwa 15, mwingine akifika atakuta 15.

Ukimpa mutu foto ya nyumba yako, hata akiipasua, nyumba inabaki. Ukimpa adrese, anaweza kuingia na kuhamisha viti. Mu lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliitengeneza kule Marekani karibu mwaka 1972, alama & inauliza: adrese yako ni gani? Alama * inasema: ingia mule.

Lakini kuko hatari. Mwaka 2004 serkali ilifunga mine ya Shinkolobwe, karibu na sisi, na kijiji cha kando yake kikavunjwa. Mwenye kuchunga adrese ya pale mu mfuko, karatasi yake haikubadilika hata herufi moja. Akienda, hakuna mlango. Kielekezi nacho hakijui kama nyumba ilikwisha kupewa mwingine. Hapo programu inaanguka, ao mbaya zaidi, inaandika mu nyumba ya mwenyewe bila kelele, na hesabu za watu zinaharibika. Dawa yake: ukirudisha nyumba, futa adrese, weka nulli, maana yake hakuna mahali.

Basi wenzangu, tukiona ile nyota, tujiulize kwanza: nashika kitu chenyewe, ao nashika njia ya kukifikia?

Ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tano.