Mzunguko wa Mwisho Kololo



Tarehe 26 Machi 2017 nilikuwa miongoni mwa maelfu ya watu waliofika Kololo, jijini Kampala, kutazama mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Jua lilikuwa kali. Mapema siku hiyo kijana wetu Jacob Kiplimo alikuwa ameshinda mbio za kilomita 8 za vijana, na dhahabu hiyo ilitupandisha mori. Basi wanaume walipojipanga kwa kilomita 10, hatukuwa tena watazamaji. Tulikuwa wadai, na mdaiwa wetu alikuwa Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, mwenye umri wa miaka 20.

Alipochomoka na kuwaacha wenzake, uwanja mzima ulinguruma. Kila alipopita mbele yetu tulizidisha kelele, naye alizidisha mwendo. Aliuanza mzunguko wa mwisho akiwa mbele peke yake. Kisha miguu ikamkatalia. Geoffrey Kamworor wa Kenya alimpita, akafuata mwingine, na mwingine, hata wakawa wanampita kwa makundi. Mtu aliyekuwa akikimbia kama swala sasa alikuwa akiyumba kama mgonjwa aliyetoka kitandani. Alimaliza wa 30.

Nasema alimaliza kwa kuwa nilisoma hivyo siku ya pili yake. Kwa macho yangu sikumwona. Nilikuwa nimekwisha kugeuka na kutafuta njia ya kutokea, nikinung'unika pamoja na watu nisiowajua kwamba kijana yule ametuaibisha. Jambo hilo bado linaniuma, nami naliandika hapa kwa sababu wewe unayejifunza Kiswahili utasimama siku moja mbele ya watu, na siku nyingine utakuwa miongoni mwa wanaotazama.

Litazame kwanza neno lenyewe. Mtaani tunasema presha, ambalo pia ni jina la ugonjwa. Katika uandishi tunasema shinikizo. Shinikizo liliwahi kuwa pia jina la chombo cha kukamulia mafuta. Napenda asili hiyo, kwani mbegu haijikamui. Nikifundisha kauli ya kutendwa huwauliza wanafunzi wangu: "Ameshinikizwa na nani?" Mara nyingi swali hilo hatuliulizi. Twamwambia mtu avumilie, ajikaze, awe na moyo, kana kwamba mkono unaokamua haupo.

Kwa upande wa mkimbiaji, hesabu ni ya kikatili lakini si ngumu. Mwili una akiba yake. Anayeitumia upesi mno, tena juani, atalipa mwishoni, na deni la mwendo hulipwa kwa riba. Mwendo ule wa Kololo, kwa jinsi nilivyouona mimi, haukuwa wake. Ulikuwa wetu.

Nami niliwahi kukimbia mwendo wa wengine. Miaka kadhaa kabla ya siku ile nilihudhuria mafunzo ya walimu huko Unguja, nikaombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wageni. Mbele yangu waliketi watu waliozaliwa ndani ya lugha hii. Nilitaka wasinitambue kuwa nimetoka bara, tena Uganda, ambako Kiswahili cha wengi wetu huchekwa. Nikaanza kwa kasi ya watu wa pwani, nikamimina misamiati niliyoikariri usiku kucha. Dakika ya tatu ngeli zikanitoroka. Nikasema "vitabu zetu", nikajisikia, nikajaribu kurekebisha, nikakosea tena, nikanyamaza. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Taratibu, mwanangu, hatuna safari." Sikuweza kuendelea. Nilikaa chini huku masikio yakiniwaka moto.

Laiti ningalianza kwa mwendo wangu! Tangu hapo nawaambia wanafunzi wanaokabili mtihani wa kuzungumza wafungue kwa sentensi fupi, ambayo mtu anaijua kama njia ya kwenda kwao. Pumzi ikitulia, maneno mazito yatakuja yenyewe. Yasipokuja, hasara si kubwa.

Cheptegei alifanya makubwa kuliko hayo. Agosti mwaka ule ule, miezi minne tu baada ya Kololo, alipata medali ya fedha katika mita 10,000 jijini London, nyuma ya Mo Farah. Mwaka 2019, huko Aarhus nchini Denmark, alizirudia mbio zile zile za nyika, akashinda. Kiplimo alikuwa wa pili na Kamworor wa tatu. Lakini mbio zake ninazozipenda zaidi ni za Monaco, Agosti 2020. Kwa sababu ya korona idadi ya watazamaji ilikuwa imepunguzwa, na pembeni mwa njia ya kukimbilia zilimulika taa ndogo zilizoonyesha mwendo uliopangwa. Alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akaivunja rekodi ya Kenenisa Bekele iliyodumu tangu 2004. Ukigawanya muda huo, kila mzunguko wa mita 400 ulimchukua wastani wa sekunde 60 na kidogo. Sikuona haraka wala papara, ila mtu anayeijua akiba yake.

Ungedhani baada ya kuyaona hayo nilikuwa nimejifunza. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alisimama kueleza kwa nini Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Halikuwa jambo jepesi kwake: bibi yake, kama wazee wengi wa hapa, hawezi kukisikia Kiswahili bila kuwakumbuka askari wa enzi zile. Akasema, "Lugha hii kilikuja..." Nikamkatiza: "Ilikuja!" Darasa likacheka. Akaketi, na muhula mzima hakunyoosha mkono tena.

Nilipata wiki nyingi za kuutazama mkono ule usionyooshwa. Ndipo nikabadili utaratibu. Sasa mtu akizungumza darasani kwangu hakatizwi, hata na mwalimu. Makosa nayaandika kwenye karatasi, nampa mwenyewe baadaye, na hakuna anayetoka wala kufunga mkoba mpaka msemaji amalize. Wengine huniambia kwamba ninawalea vibaya, eti dunia haitawasubiri. Huenda. Lakini darasa si dunia yote, na mimi nina deni la Kololo.

Mwezi uliopita msichana yule aliomba kuirudia hotuba yake. Alianza polepole: "Bibi yangu haipendi lugha hii." Katikati alikwama. Alitazama dirishani, akatazama viatu vyake, na kimya kilikuwa kirefu hata nikasikia muuza mkate akipita nje. Darasani hakuna aliyesogea. Akavuta pumzi, akaendelea.