Safari ya Cibitoke, kwa Watoto Walio Ndani

Kutoka Kigoma kwenda Bujumbura, njia ninayoipenda ni ya Manyovu. Ukishavuka mpaka pale Mugina, gari linahamia mkono wa kulia wa barabara, linateremka hadi Nyanza-Lac, kisha linafuata Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge yenye michikichi mpaka mji unapojitokeza chini ya milima. Nilifikia Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji. Mwenyeji wangu aliposikia nimekuja kuwaona watoto wenye ulemavu wa akili, alinitazama kwa mshangao. "Kaka, utawaonea wapi? Hao wako ndani."

Asubuhi nilipita pembeni ya lililokuwa soko kuu, lile lililoteketea kwa moto Januari 2013, nikaingia kwenye foleni ya basi la kwenda Cibitoke. Uhaba wa mafuta ulikuwa umezirefusha foleni za Bujumbura, na Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji. Mimi nilikuwa na mkoba begani tu, na bado kusimama kulinichosha. Nikamfikiria mama mwenye mtoto wa miaka minane asiyeweza kukaa wala kusimama. Akifika mbele ya foleni, atapanda vipi?

Cibitoke iko kaskazini mwa mji, katika Ntahangwa, jirani na Mutakura, Kamenge na Ngagara. Vita vilivyoanza 1993 viliziumiza vibaya kata hizi, na machafuko ya 2015 yakazigusa tena. Watu wake wamezika, wamekimbia, wamerudi na kujenga upya. Wengi wanaishi kwa kile wanachokipata siku hiyohiyo, na siku ya kukaa nyumbani ni siku ya njaa.

Kituo nilichokwenda kukiona ni cha kutwa: watoto huletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Sitakitaja jina, kwa kuilinda faragha ya watoto hao. Ni nyumba ya kawaida yenye ua wa saruji. Nilikuta mikeka, magodoro membamba, fito mbili za mbao zilizowekwa sambamba ili mtoto ashike na kupiga hatua, na kiti chenye egemeo la pembe kinachomzuia mtoto asiangukie upande. Viti vya namna hiyo hutengenezwa hata kwa maboksi ya karatasi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi ulioanzia Zimbabwe na kuenea Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni fundi aliyefundishwa na mtu wa kumpima mtoto.

Saa ya uji nilikaa karibu na mama mmoja kijana. Alikuwa amemlaza mwanawe mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, kijiko kikiwa juu ya mdomo. Mlezi alichuchumaa mbele yake. "Dada, usimmiminie. Muinue kwanza." Akamweka mtoto wima, akakiinamisha kidevu kidogo, akachota uji nusu kijiko na kukibonyeza kijiko polepole katikati ya ulimi. Kisha akasubiri. Mtoto akafunga mdomo, koo likapanda na kushuka. Ndipo kijiko cha pili kikafuata. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelishwa akiwa amelala anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni, na nimonia ikafuata. Pengine watu watasema amekufa kwa ulemavu wake, kumbe ni jinsi alivyolishwa. Mama yule alijaribu mwenyewe, akakosea, akarudia, mpaka bakuli likaisha.

Nilipomuuliza mtoto alianzaje, alijibu, "Ndugu yangu, alizaliwa bila kulia." Maneno hayo wakunga wanayajua vizuri: mtoto aliyechelewa kupata hewa. Wengine huumizwa na manjano makali ya siku za mwanzo, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na wengine, kama watoto wenye hali ya Down, huzaliwa na kromosomu ya ziada. Hakuna laana hapo. Hata hivyo majirani walimwambia ni uchawi, baba akaondoka, na mama akawa anamfungia mtoto chumbani ili awahi kuuza mboga sokoni Ngagara. Alifunga mlango kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya kituo. Mtoto ananyooshwa viungo, anafundishwa kushika kikombe, kuomba choo na kucheza na wenzake. Mama naye anarudi sokoni bila hofu, na jioni anaondoka na zoezi la kumfanyia mwanawe nyumbani. Mikono ya mtaalamu humgusa mtoto kwa muda mfupi, ya mama iko naye kila siku. Msaada unaomwendea mtoto na kumsahau mama yake haudumu.

Si kwamba Burundi haina kitu. Bujumbura ina kituo cha Akamuri, kinachojulikana kwa kuwahudumia watoto wa aina hii, na Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi. Lakini Gitega ni takriban kilomita 100, na hata kuvuka mji ni nauli mbili kwa mama ambaye faida yake ya siku haizifikii. Tangu 2006 matibabu ya walio chini ya miaka mitano ni bure. Mtoto akishafikisha mitano, msamaha huo unamwacha, wakati mazoezi yake ni ya miaka mingi. Nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, ikatunga sheria yake tarehe 10 Januari 2018. Haki imeshaandikwa. Sasa ifike mtaani.

Hili si la Burundi peke yake. Kigoma kwetu, Uvira, Mwanza, kuna milango iliyofungwa vivyo hivyo. Serikali za mitaa, misikiti na makanisa vina vyumba vinavyokaa vitupu siku za kazi. Chumba kimoja, mikeka, walezi wawili waliofundishwa na mtaalamu anayepita kila wiki vinatosha kuanzia. Nawe msomaji, kama kwa jirani kuna mtoto usiyemwona nje, bisha hodi, umuulize mama yake anahitaji nini.