Kunyoosha Mshale, Kufunga Darubini

Msimu wa kuwinda elgi ukikaribia, mafundi wa silaha wa huku Elverum, mashariki mwa Norway, hawapati nafasi ya kupumua. Elgi ni mnyama wa misituni, ana pembe pana na mwili mkubwa kama wa farasi, na uwindaji wake huanza mwishoni mwa Septemba. Wengi wanaokuja kwa fundi tayari wana bunduki na darubini. Wanachotaka ni viwili hivyo vifungwe vitazame mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Haydom, nimekulia jirani na bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, na kazi hii huwa naitazama kwa hamu ya mtu aliyewahi kuona nyingine inayofanana nayo.

Bunduki hubanwa kwenye vaisi yenye kingo za mpira. Fundi huweka pimamaji ndogo juu ya chuma chake na kuirekebisha bunduki mpaka tone la hewa litulie katikati. Mbele yake, ukutani, inaning'inia timazi, ile ile anayoitumia mwashi wa kwetu. Anachungulia kwenye darubini, anaizungusha polepole hadi mstari wa wima ulio ndani ya kioo ulale sawasawa juu ya uzi. Mstari huo ukiinama kidogo, kwenye mita 100 huenda usione kosa. Ukilenga mbali zaidi na kurekebisha darubini ili risasi ipande, itapanda huku ikikimbilia pembeni. Halafu zinakuja pete zinazoishika darubini. Hizo hukazwa kwa bisibisi ya kipimo, inayolia ikifikia nguvu iliyowekwa, skrubu moja upande huu, nyingine upande ule, kwa kupishana. Ikizidi, bomba la darubini hubonyea. Ikipungua, kishindo cha risasi chache huisogeza. Mwenye bunduki naye huitwa: aipachike begani akiwa amefumba macho, ayafumbue, na aone duara zima la kioo bila kunyoosha shingo.

Hata baada ya hayo hakuna anayeaminiwa kwa maneno. Kila mwaka, anayetaka kuwinda wanyama wakubwa hufyatua risasi 30 za mazoezi, kisha hupimwa: risasi tano kwenye picha ya mnyama umbali wa mita 100, zote ziingie ndani ya duara la sentimita 30. Naipenda sana sheria hiyo. Inamlinda mnyama asijeruhiwe na mtu aliyekuja kubahatisha.

Sasa njoo Yaeda Chini, wilayani Mbulu. Mhadzabe, mtu wa jamii ya wawindaji wa bonde hilo, anakata kijiti cha mti wa mkole ili kiwe mshale, anakimenya gome, anakipasha moto juu ya makaa, anakiuma kwa meno pale kilipopinda na kukikunja taratibu. Anakiinua usawa wa jicho, anatazama kutoka ncha hadi ncha, anakirudisha motoni. Timazi yake ni jicho, vaisi yake ni meno. Na haishii siku ya kwanza, maana mti hupinda tena kwa joto na unyevu, kwa hiyo kunyoosha mishale ni kazi ya kila wakati wanaume wanapopumzika kivulini. Nyuma hufungwa manyoya ya ndege, kwa nyuzi za kano. Upinde huwa mgumu: kuuvuta kunataka nguvu ya kama kilo 30, na wavulana huanza na pinde ndogo wakiwa na miaka mitatu au minne hivi.

Tofauti kubwa ninayoiona ni mahali usahihi unapowekwa. Huku umewekwa kwenye skrubu; ukishafungwa vizuri, mwenye bunduki anaweza kuuacha kabatini hadi mwaka ujao. Kule umo mikononi mwa mtu mwenyewe, na asipoushughulikia kila siku unapotea. Tena Mhadzabe lazima asogee karibu sana na mnyama, na kwa wanyama wakubwa hutumia sumu ya mimea, panjube au shanjo, kisha husubiri na kufuata nyayo. Norway nayo hairuhusu kuwinda elgi bila kuwa na uhakika wa kumpata mbwa aliyefundishwa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa. Pande zote mbili wanajua kwamba kulenga ni nusu tu ya kazi.

Chembe za chuma za mishale, Wahadzabe wengine huzifua wenyewe kwa kugonga misumari. Nyingine hutoka kwa wahunzi wa kabila jirani la Wadatoga, wenye viriba vya ngozi na mkaa, ambao pia huyeyusha makufuli na mabomba ya zamani wakatengeneza bangili. Wahunzi hao wanapatikana Mbulu na Hanang, na inaniuma kwamba wengi wetu hatuwaiti mafundi. Tunawapeleka wageni wakapige picha, basi. Mwanaanthropolojia James Woodburn aliviandikia vifaa vya Wahadzabe kitabu kizima, kilichochapishwa na British Museum mwaka 1970, wakati sisi majirani zao wa Haydom hatukuwahi kufundishwa darasani hata jina la mti mmoja wa mshale.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoongoza watalii Yaeda, nawaomba: mzee akianza kuuma mshale wake, msiwaambie wageni kwamba hivi ndivyo watu walivyoishi zamani. Waambieni anarekebisha wapi na kwa nini, mwombeni ruhusa, kisha wapeni wageni mshale mmoja uliopinda na mwingine ulionyooka, waitazame kwa jicho moja.