Kiingereza cha Kanumba

Mwaka 2009 Steven Kanumba alialikwa Afrika Kusini, kwenye jumba la Big Brother Africa. Mwaliko wenyewe haukuzungumzwa sana. Kilichozungumzwa ni Kiingereza chake. Magazeti ya udaku yalikicheka, blogu zikakicheka, na mabwenini kwetu chuoni kulikuwa na mafundi wa kuigiza sentensi zake kabla ya kulala. Mimi Kiingereza kile nilikifahamu fika, kwa sababu ndicho nilichotoka nacho nyumbani: Kiingereza cha mtu aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kuambiwa kuanzia leo hesabu, historia na jiografia zote ni kwa Kiingereza. Nchi nzima ilipita mlango huo huo. Ila aliyesimama mbele ya kamera ni mmoja.

Alizaliwa Shinyanga, tarehe 8 Januari 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa Dar es Salaam na kikundi cha Kaole, kile cha michezo ya ITV, kilichowatoa pia kina Ray na Johari. Shule ya vikundi vile haikuwa ya karatasi. Mara nyingi mwigizaji alipewa kisa na nafasi yake, maneno akayatafuta mwenyewe mbele ya kamera. Wengi wao walijaza nafasi hiyo kwa kelele. Kanumba yeye alijifunza kunyamaza, na hapo ndipo ninapomweka juu ya wenzake. Mtazame anapopewa habari mbaya: anaangalia pembeni, anameza mate, anachelewa kujibu mpaka unataka kumsukuma. Halafu analia. (Kulia alilia mno, nakubali. Kuna filamu unaweza kufua kanga kwa machozi yake.)

Sisi Maparoni tulimpokea kwa boti. Kwa wasiokujua, Maparoni ni kata ya visiwani kwenye delta ya Rufiji, siku hizi wilaya ya Kibiti. Unapita mikokoni, na safari yako inapangwa na maji kujaa na kupwa. Filamu zilikuja pamoja na sukari na betri za tochi. Kibanda umiza chetu kilikuwa cha makuti, na jenereta limewekwa mbali kidogo ili tusikie wanachosema. Hapo kabla tulikuwa na Wahindi, Wachina, Wamarekani waliosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, kisha Wanaijeria na Waghana. Wote hao tuliwapenda, lakini ilibidi mtu atuambie wamesema nini. Kanumba hakuhitaji mkalimani. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga kibandani enzi za Lufufu, alianza kuja na mkeka wake, na alikuwa akimjibu Kanumba kwenye skrini: "Usimwamini huyo, baba!"

Cha ajabu ni kwamba majina ya filamu zenyewe yalikuwa ya Kiingereza: Oprah, Uncle JJ, This Is It. Naye mwenyewe akajiita The Great. Pale kijijini majina hayo hayakushika. Uncle JJ ikawa "ile ya watoto wawili", maana ukweli ni kwamba wale watoto walimfunika. Kulikuwa na "ile ya Kanumba analia" pia, na hapo ikabidi mtu aulizwe ipi, kwa kuwa zilikuwa nyingi.

Wakosoaji wetu huziona filamu hizi kuwa nakala hafifu ya Nollywood. Kweli alikuwa anaitazama Lagos. Dar 2 Lagos alicheza na Mercy Johnson, na Devil Kingdom alicheza na Ramsey Nouah. Sioni aibu hapo. Kijana wa Shinyanga aliona Waafrika wenzake wanauza filamu bara zima bila kusubiri ruhusa ya mtu, akaenda kujifunza kwao. Tungependa angejifunza wapi? Majumba ya sinema Dar yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Mitaani kulikuwa na runinga, deki na diski, basi.

Na diski ndiyo iliyomwinua, ndiyo hiyo hiyo iliyowapunja waigizaji. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa filamu kuuzwa jumla kwa msambazaji, pamoja na haki zake, kwa malipo ya mara moja. Ikiuzwa miaka kumi, ni mali yake. Tena diski zilizotufikia sisi zilikuwa za kudurufu, filamu nyingi ndani ya diski moja. Ina maana kiingilio cha shangazi hakikumfikia Kanumba hata senti. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, ndipo Waziri Mwakyembe alipounda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii.

Kanumba hakuiona. Alifariki nyumbani kwake Sinza, usiku wa kuamkia Jumamosi, 7 Aprili 2012, mkesha wa Pasaka, akiwa na miaka 28. Jumanne yake Dar ilifurika Leaders na makaburi ya Kinondoni. Kesi ilikwenda mpaka Novemba 2017, Mahakama Kuu ilipomtia hatiani mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, kwa kuua bila kukusudia, kifungo miaka miwili. Leo ukilitafuta jina la Kanumba mtandaoni unakutana na kesi kwanza, filamu baadaye sana. Hilo linanikera kuliko kile kicheko cha 2009. Kazi zenyewe hakuna anayezikusanya, na diski zinaoza.

Devil Kingdom ilitufikia kabla hajafa. Nouah ni nyota mkubwa Naijeria, na Kanumba alijua anajipima na nani. Pale kibandani Nouah alipotokea, mzee mmoja aliyekaa mbele aligeuka kutuuliza: "Huyu aliyefuatana na Kanumba ni nani?"