Kilima cha Epsom na Mbio za Derby

Mtu akitoka London kwa gari la moshi kuelekea kusini, hupita nyumba nyingi zilizobanana, na mwisho wa safari hufika mahali pa wazi penye nyasi tupu na upepo mwingi. Hapo ndipo Epsom Downs, katika wilaya ya Surrey. Siku niliyofika hapakuwa na mashindano. Wazee wawili walikuwa wakitembeza mbwa wao, wala hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Nilikuwa natafuta kona moja tu, iitwayo Tattenham Corner.

Yasimuliwa kwamba Lord Derby na rafiki yake, Sir Charles Bunbury, walirusha sarafu ili kuamua mbio mpya ziitwe kwa jina la nani. Derby akapata jina. Lakini mbio zilipokimbiwa mara ya kwanza, tarehe 4 Mei 1780, aliyeshinda alikuwa Diomed, farasi wa Bunbury! Lau sarafu ile ingaliangukia upande wa pili, labda hata sisi katika uwanja wa Ngong, Nairobi, tungalikuwa na Kenya Bunbury.

Mwanzoni njia ilikuwa maili 1. Tangu 1784 ni maili 1 na nusu. Farasi hupanda kilima kwanza, kisha huteremka kwa kasi wakikata kushoto mpaka kwenye kona ile, ndipo waione njia iliyonyoka mpaka mwisho. Kwa kuwa ni farasi wa miaka mitatu tu wanaoruhusiwa, kila mmoja hupata nafasi moja maishani. Mwaka 1844 watu fulani walimwingiza farasi wa miaka minne kwa jina la Running Rein, akashinda. Hila ikafichuliwa, na ushindi akapewa Orlando.

Cheo hakimsaidii mtu hapo. Mwaka 1953, siku nne baada ya Malkia Elizabeth kutawazwa, farasi wake Aureole alikuwa wa pili. Aliyemshinda ni Pinza, aliyepandwa na Gordon Richards, ambaye alikuwa amejaribu Derby mara 27 bila kushinda.

Lakini mimi nilisimama kwenye kona kwa ajili ya mtu asiyekuwa na farasi. Tarehe 4 Juni 1913, Emily Davison, mmoja wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura, alipita chini ya uzio farasi walipokuwa wakishuka, akasimama mbele ya Anmer, farasi wa Mfalme George wa Tano. Aligongwa, akafa siku nne baadaye. Watu wabishana hata leo kama alitaka kufa au alitaka tu kumfunga farasi kitambaa chenye rangi za chama chake. Nikiitazama njia ile inavyoteremka, naona hakuwa na nafasi hata ya kuhesabu tatu.

Anmer aliinuka akamaliza mbio bila mtu mgongoni. Mpandaji wake, Herbert Jones, aliumia kidogo akapona. Mwaka 1928, mwaka ambao wanawake wa Uingereza walipata kura sawa na wanaume, alizikwa Emmeline Pankhurst, kiongozi wao. Jones alipeleka shada la maua, kwa heshima ya marehemu huyo na ya Emily Davison.